Mkia Usiojibu

Jumapili, 2 Machi

Leo nimemwamkia Zedekiah Kweyu kwa mikono miwili. Nje ya kanisa, watu wote wakiona. Nikainamisha kichwa, nikamwita Mzee, nikamwomba aniingize kwenye kundi lake la kupanda vilima, ati nataka kutembea alikotembea marehemu kaka yangu. Alishika mkono wangu akashindwa kuuachilia. Macho yalimjaa maji.

"Dada Akech," akasema, "Mungu amekupa moyo mkubwa."

Moyo mkubwa! Laiti angejua kilichomo.

Naandika hapa kwa sababu Mama sitaki ajue, na nisipoyatoa mahali nitapasuka. Novemba iliyopita kundi hilo lilimwacha kaka yangu Odera kwenye msitu wa Gathiru, mguu umevunjika, mvua inamnyeshea. Wanawake wa kuokota kuni ndio waliompata kesho yake. Homa ya mapafu ikammaliza hospitalini juma lililofuata. Kabla hajafa aliniambia, "Niliita, Akech. Niliita mpaka sauti ikaisha."

Halafu kwenye ibada ya mwisho hapa Makongeni, kabla hatujamsafirisha nyumbani Gem, Zedekiah akasimama kando ya jeneza akawasihi vijana waache pombe. Ati siku ile Odera alikuwa ananuka. Ati ndiyo maana alibaki nyuma.

Odera alikuwa ameacha pombe kitambo, tangu alipookoka. Lakini zamani alikunywa, na mtaa mzima ulikuwa umemwona akilala mtaroni, kwa hiyo maneno yale hayakumpa mtu yeyote taabu kuyaamini. Hata Mama. Tulipotoka kaburini aliniuliza polepole, "Nyathina, mwanangu, kwani alirudia?" Tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani.

Nataka kitu kimoja tu. Zedekiah ayameze maneno yake mbele ya watu wale wale, na Mama asikie. Nitamfuata vilimani mpaka nimpate. Atajua hajui.

Jumatano, 5 Machi

Jua kali. Nimepunguza viuno vya suruali za mitumba za Gikomba kibandani kwangu siku nzima. Wazungu wana vitambi jamani.

Jumamosi, 8 Machi

Ngong. Miguu inaniuma, lakini nimerudi na kitu.

Kundi hili lina desturi yake, na desturi yenyewe imetoka relini. Zedekiah alikuwa dereva wa garimoshi. Baba yetu, marehemu Amolo, alikuwa gadi wake, yule anayekaa behewa la mwisho. Dereva haondoi gari mpaka gadi apunge bendera ya kijani. Basi huko vilimani Zedekiah hutangulia, na mtu mmoja anayeaminika hukaa nyuma kabisa. Huyo huitwa Mkia. Kila penye njia panda mzee husimama akaita, "Mkia!" Neno linapokezanwa kinywa kwa kinywa mpaka nyuma, maana msituni sauti haifiki mbali. Mkia hujibu, "Mkia upo!" na jibu linapokezanwa vivyo hivyo mpaka mbele. Lisipofika, hakuna wa kuinua mguu.

Odera ndiye aliyekuwa Mkia. Alitembea na bendera ya Baba mfukoni. Waliompata walisema alikuwa ameifunga kwenye tawi juu yake ili aonekane. Ninayo mimi sasa. Nimeifua lakini tope halijatoka lote.

Leo pale juu, upepo ukituvua kofia, Zedekiah aliniita mbele ya kundi akanipa nafasi ya Odera. Watu wakapiga makofi. Nikaipokea kwa tabasamu, nikarudi nyuma kabisa ya mstari. Kila alipoita nilijibu. Na kila nilipojibu nilijiuliza, kama Odera hakukujibu, wewe mzee, uliondokaje?

Ijumaa, 14 Machi

Hah! Zedekiah amekuja kibandani Shauri Moyo kuniletea suruali yake ya kupandia vilima. Mshono wa makalio umelegea. "Nishonee imara, binti yangu."

Nimemshonea. Kwa uzi mbovu kuliko wote nilio nao, ule ninaotumia kushikiza kabla ya kushona. Nikapiga pasi ikapendeza.

Jumamosi, 22 Machi

Kilimambogo. Tulipanda hadi kwenye makaburi ya yule mzungu tajiri wa zamani na watu wake, Zedekiah akawa anatueleza jinsi walivyopandisha maiti huko juu. Akainama kuonyesha jiwe. Prrr! Makalio yote nje, chupi ya buluu. Aliongoza maombi akiwa ameegemea mti, na hakutoka kwenye mti huo mpaka Nabwire, binti yake, alipomfunga sweta kiunoni.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Aliyecheka kunishinda ni Sylvance, yule muuza viatu wa Gikomba, rafiki wa Odera tangu utotoni. Sylvance ana maneno huyo! Alinibebea mkoba kutoka juu hadi kwenye basi letu la kukodi, akanipa nusu ya chapati yake, akaimba njia nzima. Watu kama hawa ndio walionifanya nisilichukie kundi zima.

Kufika nyumbani kicheko kimeisha. Mama alikuwa amekaa gizani, hakuwasha taa. Suruali kupasuka ni kitu gani? Ni mchezo wa watoto.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua imeanza. Paa la kibanda linavuja juu ya mashine.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimetulia kwanza ndipo niandike.

Leo tulikwenda juu ya Limuru, kwenye njia ya reli ya zamani iliyoachwa, msitu umeifunika. Mvua ilitukuta katikati. Kamba ya kiatu changu ikakatika, nikachuchumaa kuiunga, wenzangu wakapita kona. Nikasikia kwa mbali "Mkia!" ikija, mdomo hadi mdomo. Nilikuwa nimeuma kamba kwa meno. Nikasema ngoja nimalize, nitajibu.

Kabla sijaufungua mdomo nikasikia, "Mkia upo!" Ikaenda mbele, ikapokelewa, ikafika. Na mstari ukaanza kutembea.

Mimi sijasema kitu.

Nilikimbia na kiatu mkononi. Niliyemkuta nyuma ni Sylvance, kofia imemfunika macho.

"Nani amejibu?"

"Mimi, siz. Mvua inatunyeshea bure, nikaona nisaidie tu. Si nilijua uko hapo nyuma? Kwani ungepotelea wapi?"

"Huwa unajibu hivyo mara nyingi?"

"Ah, siz, wote tunafanyanga. Mzee naye anaita sana, msee yeyote anachoka."

Alisema akicheka. Hakuona chochote. Akanishika mkono tuvuke dimbwi, mkono ule ule alioshikia kamba ya jeneza. Nikautoa wangu. Huyu ndiye aliyemjibia kaka yangu. Odera alikuwa amelala kwenye tope anaita, na rafiki yake wa utotoni akamsemea "yupo".

Na chapati yake niliila. Nkt!

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Mama hakwenda. Nimepika kuku, ameacha.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Nimefikiria kuwaambia kanisani yote niliyoyasikia. Watasema nini? Sylvance atasema alikosea, pole, ilikuwa mvua. Zedekiah atasema yeye alisikia jibu akaondoka kihalali. Atatoka safi. Na pombe itabaki pale pale kwenye jina la Odera. La! Sitaki hata mmoja wao atoke safi.

Jumamosi, 3 Mei

Nabwire alikuja kupima gauni la msimamizi wa harusi. Nilimzungushia tepe kifuani nikiwa nyuma yake, na huko nyuma ndiko nilikomuulizia, kwa upole, siku ya Odera ilikuwaje hasa. Mtu asipoonwa uso husema.

"Anti Akech, ile siku mimi sitaki kuikumbuka."

"Niambie tu. Ni kaka yangu."

Akasema kwamba kwenye basi yeye alikaa dirishani na kiti cha Odera kilikuwa kando yake. Kilikuwa kitupu. Alimwambia baba yake, "Baba, Odera hayupo." Baba yake akageuka. Akakitazama kile kiti. Dereva wa basi alikuwa anapiga kelele kwamba barabara inakatika. Zedekiah akasema, "Atakuwa ameshukia sokoni, ana jamaa zake kule." Akakaa. Gari likaondoka.

"Odera hakuwa na jamaa kule," nikasema.

"Najua, Anti. Nilijua hata siku hiyo."

"Na pombe?"

Alianza kulia, gauni limejaa pini, nikalazimika kumshika asijichome. Nilimfuta machozi na kipande cha bitana. Sijui kwa nini. Huyu naye nilitaka kumchukia na imenishinda kidogo, kwa kuwa angalau alisema "hayupo". Ni yeye peke yake katika basi zima aliyesema.

Zedekiah alikiona kiti. Sasa silali wala sili nikashiba. Mzee yule alikitazama kiti cha mtoto wa gadi wake, halafu akakaa.

Jumanne, 6 Mei

Nimejua nitakalofanya. Ni rahisi mpaka nacheka peke yangu mashineni. Sitamsukuma wala sitamtukana.

Sitajibu.

Jumapili, 11 Mei

Zedekiah ametangaza kanisani: kabla mvua hazijaisha kundi litarudi Gathiru kufanya ibada ya kumkumbuka ndugu Odera. Akanitazama. Nikaitika kwa kichwa. Mtego nimeutega mimi na yeye mwenyewe ananisaidia kuubeba.

Jumatatu, 19 Mei

Nimenunua betri za tochi, maturubali, na chupa kubwa ya chai. Wakiniacha nitalala huko kwa raha zangu, na kesho yake nitatembea mpaka kituo cha polisi nikiwa na ushahidi unaopumua. Naomba waniache. Namwomba Mungu kabisa, kwa magoti, wale watu waniache.

Jumamosi, 24 Mei

Nitaandika yote, hata kama makamasi yananitoka puani.

Gathiru ilikuwa ukungu mtupu. Tulipanda polepole kati ya mianzi na miti mikubwa, tukafika kwenye mapango. Mapango hayo wapiganaji wa msituni walijifichia wakati wa Emergency, wakipigana na wakoloni, na dari bado ni jeusi kwa moshi wao. Zedekiah akatueleza kwamba walipotembea, mtu wa mwisho alikuwa na tawi la kufagia nyayo. "Huyo wa nyuma," akasema, "ndiye aliyewaweka wote hai." Sauti ikamkatika akatoa leso. Nilimwangalia mikono nimeifunga. Lia, mzee. Lia vizuri.

Akaomba. Akamwita Odera "kijana aliyeteleza". Wallahi nusura nimrukie pale pale pangoni. Nikaishika bendera mfukoni nikaifinya.

Tukaanza kushuka, mvua nayo ikaanza, na ukungu ukaingia katikati ya mtu na mtu. Chini ya mapango kuna mahali njia inapita ukingoni mwa shimo, na hapo ndipo Odera aliangukia. Bado kipo kipande cha uzi wa kijani kwenye tawi. Nikasimama, nikaacha wenzangu wapite kona. Nikakaa chini ya mwamba, nikajifunika turubali.

"Mkia!" ikaja. Ndogo, imelowa.

Nilitia bendera ya Baba mdomoni nikaiuma.

Halafu nikasikia, waziwazi, bila aibu, "Mkia upo!" Ni Sylvance. Siku ya ukumbusho wa mtu aliyemuua, pale pale alipomuulia, msee amechoka kunyeshewa.

Nilicheka na bendera mdomoni. Wameniacha. Asante Yesu, wameniacha. Nikasikiliza viatu vikishuka, vikafifia, na msitu ukabaki na mvua yake tu. Ndipo kicheko kikaniisha. Odera aliusikia ukimya huu huu. Yeye hakuwa na chai, wala turubali, na mguu ulikuwa umevunjika, na alikuwa anaita. Nililia kwa sauti, na hakukuwa na wa kunisikia.

Sijui nilikaa kiasi gani. Nikasikia kitu kinapanda, kinahema. "Akech!" Ni Zedekiah, peke yake, fimbo mkononi na magoti yake mabovu. "Akech! Binti ya Amolo!" Akasogea mpaka karibu na mimi asinione. Nikanyamaza. Akazidi kuita, sauti ikaanza kupasuka, na mara moja akaita, "Odera!" Kisha tena, "Odera!"

Pale ukingoni akateleza. Fimbo ikaenda shimoni, yeye akashika mzizi, miguu inapapasa tope. Nilimwona vizuri. Nilikuwa karibu vya kutosha kumfikia, na sikuinuka. Nasema ukweli, sikuinuka. Nilitaka ajue inavyokuwa. Nilimwacha aone shimo.

Halafu nikasema, "Nipo hapa, Mzee."

Akageuza shingo. "Kwa nini hukujibu?"

"Si ulisikia jibu?"

"Haikuwa sauti yako. Niliisikia kabla wenzako hawajaipokea. Dereva anaijua sauti ya gadi wake."

"Na siku ya Odera?"

Akapapasa mzizi mwingine.

"Mzee, nakuuliza. Siku ya Odera ilikuwa sauti yake?"

"Haikuwa yake," akasema. "Nilijua. Mvua ilikuwa kubwa, watu wananung'unika. Nikajiambia ni yeye. Nilijiambia tena kwenye basi."

"Alinuka pombe?"

"Hakunuka kitu."

"Sema tena."

"Hakunuka kitu! Nisamehe, binti yangu. Wangesema dereva ameacha gadi. Miaka yangu yote relini, watu wangesema hivyo."

Basi ni hilo. Sifa yake ya udereva. Kwa hilo alimpaka kaka yangu pombe na kumzimia mama yangu taa. Nilimkamata mkanda nikamvuta juu, tope mpaka kwenye ndevu, na alipotaka kunikumbatia nikarudi nyuma.

"Wenzako wako wapi?"

"Nimewaambia wasimame pale njia panda, wajipange mstari mpaka chini, tusipotezane."

"Vizuri. Ita."

"Niite nini?"

"Ita, 'Odera hakuwa amelewa. Tulimwacha.' Na uwaambie wapitishe. Kinywa kwa kinywa, mpaka kwenye basi. Kama ulivyotufundisha."

Nilidhani atakataa. Kisha akageukia bonde akavuta pumzi, na sauti ile ya kuita Mkia ikamtoka yote. "Odera hakuwa amelewa! Tulimwacha! Pitisha!"

Hakuna aliyepokea. Akaita tena. Ndipo chini kidogo, kwenye ukungu, sauti ya Nabwire ikaanza, inatetemeka lakini ina nguvu: "Odera hakuwa amelewa! Tulimwacha!" Mtu mwingine akapokea. Na mwingine. Nilizijua moja moja, wale wote walioimba kwenye ibada ile na kuitikia amina. Halafu pahali fulani neno likakwama.

"Sylvance," nikasikia Nabwire akisema, "pitisha."

Zedekiah alikuwa ameshika kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama wima kabisa, turubali limeanguka, sioni baridi.

"Odera," ikaja sauti ya Sylvance, bila kicheko, kama ya mtoto aliyepigwa. "Odera hakuwa amelewa. Tulimwacha." Kisha, hakuna aliyemwambia, akaongeza, "Mimi ndiye nilijibu." Na watu wa chini yake wakapitisha na hilo pia, kwa vile ndivyo walivyozoea, wanapitisha wanachosikia.

Nikaifunga bendera kwenye lile tawi. Nikatembea nyuma ya wote mpaka kwenye basi. Hakuna aliyeimba.

Jumapili, 25 Mei

Homa. Nimemweleza Mama kila kitu, kitandani kwake. Hakulia. Aliniuliza, "Alisema mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Wapi?" Nikasema msituni.

"Msituni," Mama akasema, akageukia ukuta.

Jumatano, 28 Mei

Zedekiah alikuja na mkewe, na sukari, na unga. Mama hakutoka chumbani. Alimwambia kupitia pazia, "Baba Nabwire, mtoto wangu ulimsemea kanisani. Rudi ukaseme kanisani." Sukari nayo ikarudi.

Sylvance amesimama nje ya kibanda changu mara kadhaa wiki hii. Sijamwamkia. Siku moja pengine. Si mwaka huu.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imekatika. Pasta amesema Zedekiah ameomba nafasi ya kusema Jumapili, mbele, mahali pale pale palipokuwa na jeneza.

Jumapili, 1 Juni

Bado asubuhi. Mama ameniamsha kabla ya jogoo wa jirani, ameoga, amevaa gauni lake la Umoja wa Akina Mama na kitambaa cheupe kichwani.

"Tutakaa wapi?" nikamuuliza nikimfunga kifungo cha mgongoni. "Nyuma, watu wasikukodolee macho?"

"Mbele," akasema. "Benchi la kwanza. Na akimaliza kusema nitainua mkono, nimwambie mimi ni mzee, sijasikia."

"Na akirudia?"

"Sitakuwa nimesikia."

Masikio ya Mama ni mazima kabisa. Anasikia uzi wangu ukikatika chumba cha pili. Amechukua fimbo yake, anasema nifanye haraka, tusije tukakosa benchi.